Barua Niliyoigonga kwa Nyundo

Vijana wenzangu wa Idara,

Siku mliyoniaga mlinipa godoro, shuka mbili na hotuba sita. Godoro nalilalia, shuka mama watoto amezifungia kabatini zisubiri wageni, na hotuba nimezisahau zote isipokuwa moja. Ni ile ya kijana wenu wa takwimu aliyesimama akasema kwamba mzee huyu hajawahi kufanya kosa kazini. Mlipiga makofi, nami nikainamisha kichwa, mkadhani ni unyenyekevu. Ndiyo sababu nimenunua daftari. Vyeo vyangu mtavikuta kwenye faili, na mshahara mnaujua kwa kuwa nanyi mnaupokea. Hapa naandika kosa, na habari za mtu aliyelibeba kwa niaba yangu.

Nilifika Sumbawanga miaka ile ya vijiji, nikiwa nimetoka chuoni na kombati mbili za kaki. Mimi ni mtu wa Rungwe. Kwetu mvua hunyesha mpaka mtu anasahau rangi ya vumbi, na moto niliokuwa naujua ulikuwa wa jikoni. Uwanda wa Ufipa ni kitu kingine. Juni baridi inakata masikio, Agosti nyasi zinalia chini ya kiatu, na Septemba upepo unaamka asubuhi ukiwa tayari umekasirika. Wenyeji walinipokea vizuri, wakaniita Bwana Miti kama wanavyomwita kila mtu wa misitu, na nyuma yangu wakaniita Bwana Migomba, kwa kuwa kwetu Rungwe ni ndizi.

Ofisini Sumbawanga nilipewa baiskeli, panga, na nyundo ya kugongea magogo. Siku hizi wengi wenu mnaiona kabatini tu. Ni nyundo nzito yenye alama ya Serikali usoni. Gogo likikatwa kwa halali unaligonga, alama inabaki kwenye mti. Niliisainia mara tatu. Mkubwa wangu aliniambia, "Ukipoteza baiskeli tutazungumza. Ukipoteza nyundo, pitiliza kwenu." Basi nilikula nayo, nikalala nayo, na Jumapili nikaenda nayo kanisani.

Kituo changu kilikuwa kijiji kipya cha Mlenje, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli kutoka Matai, karibu kabisa na mpaka wa Zambia. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka vitongoji vyao vya bondeni wakapangwa mlimani mistari minne iliyonyooka, nyumba za udongo zimeezekwa nyasi, mlango unaangalia mgongo wa jirani. Chini ya kijiji mteremko wa nyasi ulishuka hadi mto Kalambo. Huku juu Kalambo bado ni kijito. Anayejua mawe yake anavuka bila kuvua viatu. Ng'ambo ni Zambia, na msitu wao wa hifadhi unaanzia pale pale ukingoni.

Nilikabidhiwa kwa Mzee Simwinga, mlinzi wa msitu, mtu mwembamba wa kabila la Walungu aliyekuwa akitembea mikono nyuma kama anayekagua gwaride. Kwa cheo mimi nilikuwa mkubwa wake. Kwa kila kitu kingine alikuwa mwalimu wangu, ila ilinichukua miaka mitatu kulitambua hilo. Alinifundisha kushika nyasi kiganjani na kuzivunja: zikijikunja, bado, zikilia, tayari. Alinifundisha kwamba moshi mweupe ni nyasi, na moshi wa kahawia ni moto uliokwisha kushika miti.

Alinionyesha pia desturi yao. Kila mwaka ulezi ukishavunwa, nyasi zikiwa zimekauka nusu tu, watu wa ng'ambo mbili walipatana siku. Wengi wao ni jamaa: shangazi yuko huku, mjomba yuko kule. Asubuhi umande ungalipo, kila upande uliwasha ukingo wake, na watu wakaufuata moto kwa matawi mabichi, ukitembea polepole kama mzee anayetafuta pa kukaa. Waliuita moto wa baridi. Kufikia mchana kingo zote mbili zilikuwa nyeusi, ndezi waliokurupushwa wamekwisha kuchunwa, na watu wa nchi mbili wanakula pamoja ugali wa ulezi. Moto mkali wa Septemba ukija ukakuta weusi ule, unakosa chakula na kufa wenyewe.

Mimi niliona nini? Niliona watu wanachoma msitu wa Serikali.

Kabla ya Juni iliyofuata nilikuwa nimepigilia mabango ishirini mitini: NI MARUFUKU KUCHOMA MOTO. Mzee Simwinga alinishikia misumari. Tulipofika bango la mwisho alilitazama, akasema, "Bwana Miti, nyasi hazijui kusoma."

"Mzee, hii ni sheria."

"Sijaikataa sheria, mwanangu. Nasema usipoziacha ziungue Juni, zitachagua siku yao wenyewe."

Nilimjibu kwa kitabu. Nilimsomea ukurasa mzima, katikati ya pori, mtu aliyewahi kupambana na moto kabla sijazaliwa. Alinisikiliza hadi mwisho, akanishukuru. Nikikumbuka shukrani ile hadi leo naona haya.

Na sikuishia hapo. Kwa kuwa moto hauangalii mpaka, niliona marufuku ya upande mmoja ni kazi bure. Nikaandika barua kwa wenzetu wa Zambia, ikapita ofisi zote zinazopaswa kupitiwa, nikiwaomba nao wakomeshe "tabia hii ya uharibifu". Nilijiona mtu wa ushirikiano wa kimataifa. Ubaya wa barua ile ni kwamba ilikubaliwa.

Aliyeniletea habari alikuwa Simpungwe, mlinzi wa msitu wa upande wao, mtoto wa dada yake Mzee Simwinga aliyeolewa ng'ambo. Alikuwa mrefu, na Kiswahili chake alikipata Kasanga alikokuwa akivua dagaa kabla ya kuajiriwa. Tulikutana katikati ya mto, kila mmoja juu ya jiwe lake. Tulipimana umri kama ilivyo ada, tukakuta amenizidi mwaka mmoja tu, akacheka akasema, "Basi hapa hakuna shikamoo. Tupeane mkono." Halafu akasema, "Barua yako wakubwa wangu wameipenda. Wameniambia nikiwasha hata kiberiti kwenye ukingo huu, kazi sina."

"Vizuri sana," nikasema.

Alimtazama mjomba wake, niliyekuwa nimeshuka naye mtoni. Mjomba alikuwa anaangalia maji.

Juni ile hakuna aliyewasha, wala Juni iliyofuata. Nyasi zilinipita kichwa, zikalala, nyingine zikaota juu yake. Katika taarifa zangu niliandika kwamba matukio ya moto yamekwisha kabisa, nikapigia mstari kwa wino mwekundu.

Siku yenyewe ilikuwa Septemba, saa nne asubuhi. Nilikuwa nje ya nyumba yangu nikiziba pancha. Mzee Simwinga alikuja kwa hatua za haraka, na mikono haikuwa nyuma. Hilo pekee lilinitisha kabla hajafungua mdomo. Alinigeuza bega niangalie kusini. Ng'ambo ya mto, nyuma ya kilima cha kwanza, moshi ulikuwa umesimama mpana kama ukuta. Ulikuwa wa kahawia, na upepo ulikuwa unavuma kutoka huko kuja kwetu.

"Utafika lini?" nikauliza.

"Mtoni, saa sita. Hapa, mara tu ukishavuka. Huu mteremko utaupanda kwa mbio."

Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Kapele, aligonga kipande cha reli kilichoning'inia ofisini kwake mpaka mkono ukamchubuka. Wanaume karibu wote walikuwa shamba la ujamaa, mwendo wa saa mbili. Waliokuja ni wanawake wenye watoto migongoni, wazee, na wagonjwa wawili walioshikana mikono. Tulimtuma mtu kwa baiskeli kwenda Matai kwenye simu ya upepo ya polisi, lakini kila mmoja wetu alijua kwamba hata gari lingepatikana lingefika kuhesabu majivu. Na watu wangekimbilia wapi? Kijiji kilikuwa kimezungukwa na nyasi pande zote, zile nilizozilinda kwa mabango ishirini.

Bwana Kapele alifoka. "Huu si moto hivi hivi! Hii ni kazi ya maadui wa ujamaa!"

"Mwenyekiti," akasema Mzee Simwinga kwa upole, "adui tutamtafuta jioni. Sasa hivi tafuta majembe."

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho chuoni hawakunifundisha. Mke wa mwenyekiti aliwapanga wanawake mstari mmoja chini ya nyumba za mwisho, wakaanza kulima kurudi nyuma: wanakata nyasi, wanazilaza, wanazifukia kwa udongo, tuta juu ya tuta, kama wanavyotengeneza matuta ya mahindi tangu zama za bibi zao. Nyasi iliyofukiwa haiwaki. Walifanya kazi ile bila kelele, na nyuma yao ardhi tupu ikaanza kuonekana. Lakini ilikuwa upana wa mkeka, na moto ule ulihitaji uwanja.

Nilisema tuwashe moto wetu kuanzia kwenye matuta, ushuke kukutana na ule. Mzee alikataa. "Upepo unapanda huku. Ukiwasha hapa, cheche ya kwanza iko kwenye paa. Pa kuwasha ni mahali pamoja tu: ukingo wa ng'ambo, maji yakiwa mgongoni mwa moto. Utambae polepole kuupinga upepo, ukaukute ule mwingine huko mbele, usiuachie chakula."

"Ng'ambo ni Zambia, Mzee."

"Ndiyo. Na Juni tulikuwa tunawasha sisi na wao, bila kuuliza ni wapi."

Tukashuka mbio. Sikuwa na kibali cha kuvuka mpaka, na miaka ile mtumishi wa Serikali kuonekana ng'ambo bila karatasi halikuwa jambo la kuchekea. Nilivuka na nyundo yangu kiunoni, kwa mazoea.

Simpungwe alikuwa tayari ukingoni na watu wake kama kumi na watano, matawi mikononi, macho yamewavimba kwa moshi. Sauti ya moto ilikuwa imeanza kusikika, sauti ya mvua kubwa inayokuja juu ya mabati, ila hakukuwa na mvua wala mabati.

"Mjomba, nimekwisha kuuona," alisema kabla hatujasema. "Najua pa kuwasha. Mkono ndio umefungwa." Akanigeukia mimi. "Uliponikataza kuwasha, uliandika. Leo unataka niwashe. Andika."

"Simpungwe, hakuna muda!"

"Basi andika upesi."

Ndugu zangu, mjue karatasi ile ilikuwa na maana gani. Sikuwa na mamlaka ya kuamuru moto hata upande wangu, sembuse nchi ya watu. Moto wakati wa ukame, katika msitu wa hifadhi wa nchi jirani, kwa maandishi ya mtumishi wa Tanzania, huku mwenyekiti wangu akitafuta adui wa ujamaa wa kumfunga: hiyo si barua ya kumtoa mtu kazini tu. Niligeuka nikaangalia juu. Niliona mstari wa wanawake, vitambaa vya vichwa vinainuka na kuinama, na nyuma yao mapaa.

Nikachana ukurasa wa daftari langu. Niliuweka gotini, mstari wa kwanza ukapanda mlima. Niliandika: Mimi Bwana Miti wa Mlenje nimemwomba Bwana Simpungwe awashe moto ukingo wa kusini wa mto ili kuokoa kijiji. Likitokea lolote, lawama ni yangu. Nikasaini Mwakatobe.

Aliisoma taratibu. Taratibu! Cheche za kwanza zilikuwa zinapita juu yetu, naye ananisomea kwa midomo.

"Muhuri?" akauliza.

"Uko Matai! Nina nyundo tu."

"Gonga."

Niliweka karatasi juu ya kisiki nikaigonga nyundo ya Serikali. Alama iliingia na kutoboa upande mmoja. Mzee Simwinga alicheka, nawaambia ukweli, moto uko mita mia chache, naye alicheka. Simpungwe akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Halafu akawasha.

Tuliwasha kwa mafundo ya nyasi, kila mtu hatua kumi na mwenzake, kufuata ukingo. Ilikuwa kazi ya kupambana na hofu kuliko moto, maana moto wetu mwanzoni ulikuwa mdogo, wa kudharauliwa, unalamba nyasi ukirudi nyuma na kusonga, wakati ule mkubwa tulikuwa tunausikia unavunja miti. Waliokaa majini walikuwa wanapiga cheche zilizovuka. Mzee Simwinga alikuwa anapita nyuma yetu akisema neno moja tu, "Polepole. Polepole." Nilikuwa na hamu ya kukimbia ambayo sijawahi kuwa nayo tena maishani. Weusi mbele yetu ulipanuka hatua ishirini, kisha hamsini, kisha mia.

Halafu mioto ikaonana. Upepo wa mgongoni kwetu, ambao haukuwapo, ukaja ghafla. Moto mkubwa ulikuwa unavuta pumzi. Ule mdogo wetu uliinuka ukaukimbilia. Kwa muda wa kusema Baba Yetu mara moja, kulikuwa na ukuta mmoja ulioziba jua, na joto likatulaza wote chini majini, Mzambia na Mtanzania, uso ndani ya matope ya mpaka. Nilipoinua kichwa, ukuta haukuwapo. Kulikuwa na moshi, na kimya, na vigogo vinavyolia.

Cheche moja ilitupita wote ikafika kijijini. Iliangukia nyumba yangu. Ndiyo nyumba pekee iliyoungua Mlenje, na taarifa zangu za wino mwekundu zikiwa ndani. Mzee Simwinga alisema hata moto wakati mwingine hujua kusoma.

Wanawake walipoona hatari imepita walikaa chini pale pale kwenye matuta, wengine wakalia. Mimi nililia pia. Mke wa mwenyekiti akanipa maji kwenye kibuyu.

Taarifa niliyopeleka Sumbawanga ilisema moto ulizimwa kwa juhudi za wanakijiji. Ni kweli, na ni uongo. Habari za mto, za karatasi na za Simpungwe sikuziandika. Mwenyekiti alinishauri hivyo, nami sikuhitaji kushauriwa mara mbili. Kwa miezi kila gari lilipopanda kutoka Matai nilitoka nje kuangalia nani anashuka. Nilikuwa nangoja karatasi yenye tundu la nyundo iwekwe mezani mbele yangu.

Haikuja. Kilichokuja ni habari, kabla ya mvua za kwanza: Simpungwe amefukuzwa kazi kwa kuchoma hifadhi wakati wa marufuku. Mzee aliniambia tukiwa tunang'oa mabango.

"Hakuwaonyesha barua?" nikauliza.

"Mwulize mwenyewe. Nyumbani kwake unapajua."

Sikwenda. Sitatafuta neno zuri la kulivika jambo hili: niliogopa. Nikimwuliza angeweza kukumbuka kwamba anayo. Nilijitia kazini badala yake. Nilimfuata mkubwa wangu mara tano mpaka kibali cha moto wa baridi kikatoka, na barua nyingine ikaenda ng'ambo, safari hii imeandikwa na mimi kwa kuagizwa maneno na Mzee Simwinga. Juni ikaja, kingo zikawaka na umande. Simpungwe alifika na tawi lake, raia tu, mkulima wa ulezi. Tulipeana mkono, tukala ndezi. Habari za karatasi hazikutajwa. Tuliendelea hivyo, Juni baada ya Juni, hadi nilipohamishwa Laela na kwingineko.

Tulikuja kuizungumzia karatasi ile siku ya mazishi ya Mzee Simwinga. Nilisafiri kutoka Sumbawanga, kichwa changu kimeanza mvi. Baada ya kuzika, Simpungwe alinivuta pembeni, mpaka mtoni, kwenye mawe yale yale. Akatoa kwenye kibeti chake karatasi ya manjano iliyokunjwa mara nne. Tundu la nyundo lilikuwa limeongezeka kidogo.

"Mjomba alisema nikurudishie akishafariki. Alisema kabla ya hapo ungeichoma."

Nilishindwa kuipokea. "Kwa nini hukuwaonyesha? Ungerudi kazini."

"Nawe ungekwenda jela."

"Lakini uliidai! Ulinisimamisha pale moto unakuja, ukadai na muhuri. Ulikuwa unaitaka ya nini kama si kujikinga?"

Alikaa juu ya jiwe lake kwanza. "Barua yako ya kwanza uliiandika hujui kitu," alisema. "Tukaitii wote, wakubwa na wadogo. Siku ile mjomba alikuwa na uhakika, mimi nilikuwa na uhakika. Wewe nilikuwa sijui. Na kijiji kilikuwa chako. Nilitaka nikuone ukiandika kitu unachokijua, ukiweka na jina lako chini. Ungekataa, nisingewasha."

Kisha akaniwekea karatasi mkononi, akanifunga vidole.

Niliwaambia hapo mwanzo kwamba alinizidi mwaka mmoja tu, na kwamba tulikwisha kupatana zamani tusiamkiane. Nilisimama pale kwenye jiwe, nikavua kofia ya Serikali, nikamwambia, "Shikamoo, kaka."

"Marahaba," akaitikia.